Kijana Aliyeiacha Namba Nane

Hii nimetumiwa na mtu, naye alitumiwa na mwingine, na kila aliyenitangulia alisisitiza jambo moja: usiipitishe kwa mwenzako kabla hujaisoma mpaka chini. Nami nakwambia hivyo hivyo. Isome kwanza, halafu ujiulize ni nani unayemfahamu anayepaswa kuisoma.

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja huko Nzega, jina lake Luhende. Kibanda chake kilikuwa jirani na uwanja wa mpira wa Mnadani. Watu wa pale walikuwa wakisema kwamba ringi ipinde namna gani, Luhende ataizungusha mara mbili, atakaza spoki mbili tatu, na itanyooka. Alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi cha kutosha.

Kiburi chenyewe kilikuwa na historia. Katika ujana wake alivaa jezi namba nane katika timu ya kiwanda cha pamba. Na namba nane, kwa msiojua mpira, ndiye kiungo, mtu wa katikati. Mpira wote hupita kwake. Wengine hukimbia, yeye ndiye huamua wakimbilie wapi. Miaka thelathini ilikuwa imepita tangu Luhende avue jezi ile, lakini ukimpelekea baiskeli bado angeweza kukusimulia pasi aliyopiga mwaka fulani, dakika fulani, ukasahau hata pancha iliyokuleta.

Mabinti zake wawili walikuwa wameshaolewa. Nyumbani alibaki na mkewe Nyamizi na kitindamimba wao, Jilala. Tangu mtoto akiwa na miaka sita, baba alimfundisha mpira wa katikati. Alimfundisha kutazama kushoto na kulia kabla mpira haujamfikia, na alimwambia kila siku kwamba miguu ya kiungo haitangulii kichwa chake. Mtoto akashika. Alipofika miaka kumi na tisa, Jilala alikuwa namba nane wa timu ya Mnadani, iliyokuwa ikicheza ligi ya mkoa.

Kila siku ya mechi ya nyumbani, Luhende alifunga kibanda mapema, akabeba kiti chake cha plastiki, akakiweka mahali palepale: pembeni mwa uwanja, usawa wa mstari wa kati, hatua tatu kutoka kwenye chaki. Watu walishapazoea. Hata akichelewa, hapakai mtu.

Sasa sikiliza jambo ambalo Luhende hakumwambia yeyote.

Macho yake yalikuwa yanakufa. Yalianza pole pole, kama chemli inayoishiwa mafuta. Kwanza alishindwa kusoma mabango ya maduka ya ng'ambo ya barabara. Kisha watu waliomsalimia kutoka mbali wakawa hawana pua wala mdomo, akawa anawaitikia kwa kuzitambua sauti zao. Kazi haikumshinda, maana ringi na spoki alizijua kwa vidole. Ila siku moja alimuaga mkewe kwamba anasafiri kwenda kununua vipuri, kumbe anakwenda hospitali.

Daktari alimpima, akamweleza bila kumficha. Mishipa ya macho yake ilikuwa inanyauka, na hapakuwa na miwani wala upasuaji wa kuirudisha. Vya karibu angeendelea kuviona kwa muda. Vya mbali vingemezwa na ukungu, na ukungu huo ungekuwa unasogea. Pengine mwaka mmoja. Pengine pungufu ya hapo.

"Mzee, kama kuna kitu unapenda kukitazama," daktari alimwambia, "kitazame sasa."

Luhende hakuhitaji kufikiri. Ndani ya basi la kurudi alikuwa ameshaamua. Milima hakuitaka, bahari hajawahi kuiona na hakuidai. Alitaka kumtazama Jilala akicheza msimu mmoja mzima, basi. Baada ya hapo giza lije litakavyo.

Tatizo ni kwamba hata siku hiyo, katikati ya uwanja palikuwa pameshakwenda. Akikaa kwenye kiti chake aliona chaki, aliona mshika kibendera akipita, na ng'ambo ya hapo aliona rangi zinazohama. Mwanawe alikuwa ndani ya ukungu ule. Luhende akajifunza kutazama mpira kwa masikio. Watu wa nyuma yake wakisema Jilala kapiga pasi ya maana, naye alitikisa kichwa kama aliyeiona. Jioni, mezani, alimsifu kijana kwa maneno aliyoyaokota uwanjani.

Kwa nini hakusema? Hakutaka kuonewa huruma, na aliogopa kwamba watu wakijua fundi haoni, baiskeli zitapelekwa kwingine. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Mimi nadhani ilikuwa aibu tu. Mtu aliyezoea kuwaonyesha wengine njia hapendi kukiri kwamba yeye mwenyewe haioni.

Ukaja msimu mpya. Kwa wiki nyingi kabla ya mechi ya kwanza, Jilala alirudi mazoezini amechoka kuliko kawaida. Alikuwa akila kimya, akilala mapema, na mapaja yakimuuma hata kuinuka ikawa kazi. Baba alipomuuliza, alijibu kwamba mwalimu anawakimbiza sana mwaka huu. Luhende akaridhika. Kocha wao, Mfaume, alikuwa mtu wa nidhamu, na kukimbia hakujawahi kumuua mchezaji.

Siku ya mechi ya kwanza Luhende aliwahi. Akaweka kiti chake, akakaa, akafuta macho kwa leso kama mtu anayefuta vumbi. Mpira ukaanza. Dakika tano zikapita bila mtu yeyote nyuma yake kulitaja jina la Jilala, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Ghafla kijana mmoja akaja mbio kandokando ya chaki, mpira mguuni, akapita mbele ya kiti chake, karibu kiasi kwamba Luhende aliona jasho likimtiririka shingoni na soksi moja iliyoshuka. Alikuwa Jilala. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi baba alimwona mwanawe akicheza, kwa macho yake mwenyewe.

Ungedhani moyo wake ungeruka kwa furaha. Na kweli ulitaka kuruka. Lakini kijana alipompita, jicho la baba lilitua mgongoni, na mgongoni palikuwa na namba tatu.

Namba tatu ni beki wa kushoto. Na lazima uelewe jinsi watu wa rika la Luhende walivyokua wakiifahamu namba hiyo. Watoto wakigawana nafasi mtaani, huwa yupo mmoja asiyejua kabisa kucheza, lakini mpira ni wake. Ukimwacha nje, anachukua mpira wake anakwenda nao kwao. Basi anapelekwa beki ya pembeni, mahali ambapo hataharibu sana. Ndiyo maana mtaani walisema namba tatu ni ya mwenye mpira.

Na mtu mmoja nyuma yake, bila ubaya wowote, akasema maneno hayohayo. Wenzake wakacheka.

Luhende aliinuka. Akachukua kiti chake, akakipachika begani, akaondoka kabla hata ya mapumziko. Jilala aliporudi mbio kutoka mbele, alikuta nyasi tupu pale ambapo baba yake alikuwa amekaa. Waliokuwepo wanasema alisimama pale kidogo, mpaka kocha akamwita kwa jina.

Jioni ile Luhende alikwenda nyumbani kwa kocha Mfaume. Hakukikalia kiti alichokaribishwa. Alimuuliza kwa nini amemtoa mtoto katikati, miaka kumi na mitatu ya kazi yake akaitupa pembeni kama ganda la muwa. Kocha akamjibu kwamba timu ilihitaji beki anayepanda, yaani beki wa kukaba nyuma na kwenda mbele kushambulia, na kwamba uamuzi ni wake mwenyewe na lawama zote ni zake.

Luhende akamwambia maneno mabaya. Alimwambia kwamba mtu aliyeumalizia ujana wake kwenye benchi hawezi kumjua kiungo hata akimkanyaga. Kocha aliinamisha uso tu. Luhende akaondoka akidhani amemshinda.

Nyumbani alimkuta Jilala amekaa mlangoni, amevua viatu.

"Baba, mechi ijayo utakuja?"

"Nitakuja siku utakayovaa nane."

"Njoo hata kipindi kimoja tu. Ukae palepale unapokaa siku zote."

"Sibebi kiti changu kwenda kumtazama mwenye mpira," Luhende alisema.

Jilala aliinama. Akaokota viatu vyake, akaingia ndani. Usiku huo Nyamizi alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Jilala, mtoto ni wako kwa namba zote." Mumewe akageukia ukutani, akajifanya amelala.

Basi msimu ukaenda. Na hapa ndipo ninapoona uchungu nikiisimulia, kwa sababu mimi na wewe tunajua kilichokuwa kinapotea, na Luhende pia alijua. Alikuwa na miezi michache tu ya kuona. Kila Jumamosi iliyopita ilikuwa inakwenda na kipande chake.

Kiti cha plastiki kilibaki kibandani, wateja wakawa wanakikalia. Wateja hao ndio waliomletea habari bila kuombwa. Walimweleza jinsi kijana wake anavyopanda na kushuka kama mtu asiye na mapafu ya kawaida. Walimweleza kwamba sasa anajua lini aende na lini abaki, kwamba winga wa timu pinzani akimpita mara moja hampiti mara ya pili. Krosi zake zilikuwa zinafika kichwani kwa mshambuliaji kama mzigo uliotumwa kwa anwani. Luhende aliwasikiliza huku akikaza spoki kuliko ilivyohitajika, na wakimaliza aliwaambia bei.

Kibandani uwanja ulikuwa unasikika. Watu wakipaza jina la Jilala, mkono wake ulisimama. Siku moja alichukua kiti, akatoka nacho mpaka kwenye kona ya uwanja. Pale akasikia wanaume wanacheka. Hawakuwa wakimcheka yeye, pengine hata hawakumwona. Lakini alirudi na kiti chake.

Alijiambia msimu ujao kocha atakuwa amerudiwa na akili, mtoto atarudi katikati, naye atakwenda. Msimu ujao, kana kwamba ugonjwa wa macho unasoma ratiba ya ligi. Ukungu ulikuwa haumsubiri. Ulivuka barabara, ukafika kwenye mlango wa kibanda, ukaingia ndani. Ikafika asubuhi moja alipoinua mikono yake miwili mbele ya uso, akaiona kama vivuli tu. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa anatofautisha mchana na usiku, na zaidi ya hapo hakuna.

Bado hakusema. Nyumbani alitembea kwa kuhesabu hatua, na kwenda kibandani alifuata ukuta. Hakujiuliza kwa nini siku hizi Nyamizi anamkabidhi sahani mkononi badala ya kuiweka mezani, wala kwa nini hakuna anayehamisha stuli mle ndani. Alidhani amewadanganya wote.

Wiki moja kabla ya mechi ya mwisho, kocha Mfaume alikuja nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza wazungumze tangu jioni ile ya matusi. Alisalimia kwa heshima, akaketi, akatoa karatasi. Timu moja kubwa ya Mwanza ilikuwa inamchukua Jilala. Kila kitu kilikuwa tayari, ilibaki mzazi kutia sahihi kwamba ameridhia.

"Wanamchukua acheze wapi?" Luhende aliuliza.

"Beki wa kushoto, mzee. Wamezunguka kanda nzima, wanasema hawajaona beki anayepanda kama yeye."

Jibu hilo lilimwingia Luhende. Furaha ilimpanda, na aibu ikaja nyuma yake. Aliyemtukana ndiye aliyemtafutia mwanawe riziki. Akanyoosha mkono, akaomba kalamu. Kocha akaweka karatasi juu ya meza mbele yake, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini.

Luhende akatia sahihi yake nzuri ya zamani. Akaitia kwenye kitambaa cha meza, upana wa kiganja kizima nje ya karatasi.

Kocha alitazama ile sahihi, akamtazama mzee, akaelewa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi mtoto amechelewa," alisema.

"Amechelewa nini?"

Kocha Mfaume alikuwa ameapa kutosema. Lakini kuna kiapo ambacho mtu akiendelea kukishika anakuwa mkatili, naye aliona kimefika hapo. Akamweleza Luhende yote.

Msimu wa nyuma, katika mechi moja, Jilala aliumia kifundo cha mguu dakika ya kumi na tano, akatolewa, akakaa benchi mpaka mwisho. Jezi yake namba nane akapewa mwenzake, ambaye alifunga bao zuri sana, na watu wakashangilia namba nane. Jioni ile baba alimpongeza Jilala kwa bao hilo, akamweleza hata lilivyoingia. Kijana alisema ahsante. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa kocha.

"Alikuja kuniomba nimtoe katikati," kocha alisema. "Mimi nilikataa, mzee. Nilimwambia kwamba yeye ndiye kiungo bora niliyewahi kumfundisha. Akaniambia baba yake haoni katikati."

Luhende alishika ukingo wa meza.

Kocha akaendelea. Alimuuliza kijana, kama ni kukaa karibu na chaki, kwa nini asicheze winga, angalau afunge mabao. Jilala akamjibu kwamba winga husubiri kule mbele, mbali na mstari wa kati. Beki anayepanda hupita usawa wa kiti cha baba akienda, na hupita tena akirudi. Alitaka baba amwone mara mbili kwa kila shambulio. Ndiyo maana aliteseka wiki zile zote kujifunza kazi mpya, kukaba, kukimbia urefu wa uwanja mzima, kutapika pembeni na kuanza tena. Alimwomba nahodha, kila wakishinda kura ya sarafu, achague goli ambalo litafanya kushoto kwao kuwe upande wa baba katika kipindi cha kwanza. Na kipindi cha pili, timu zikishabadilishana magoli, walikuwa wamepanga wachezaji wa akiba wamhamishie mzee kiti upande wa pili.

"Mechi ya kwanza uliondoka kabla ya kipindi hicho," kocha alisema.

Luhende alifunika uso kwa mikono. Alilia mbele ya mwanaume mwenzake, na hakujali. Katika kichwa chake alikuwa na picha moja tu ya mwanawe akiwa beki, ya sekunde chache, na katika picha hiyo kijana alikuwa amempa mgongo. Nyingine zote alizikataa mwenyewe, Jumamosi moja baada ya nyingine, wakati zikitandazwa hatua tatu mbele yake.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Kwa sababu wewe hukumwambia. Alisema baba akitaka tujue, atasema mwenyewe. Alisema hawezi kumvua nguo baba yake."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani. Nyamizi alibeba kiti, Luhende akamfuata ameshika pindo la kanga yake. Walipofika, watu waliacha nafasi bila kuambiwa, akakaa mahali pake pa zamani.

Kipindi cha kwanza kikaisha. Alikuwa amekaza macho mpaka yakamuuma, akitumaini kwamba Mungu atampa hata mara moja, hata kivuli kinachopita. Hakupata kitu. Palikuwa na weupe wa jua tu, na kelele za watu kila upande zilizochanganyika hata asijue nani ni nani.

Mapumziko yalipofika, Jilala alikuja akachuchumaa mbele ya kiti. Baba alimtambua kwa pumzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeniona?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Msimu wa nyuma wote alikuwa ameishi kwa majibu ya namna hiyo: nimekuona, umecheza vizuri, ile pasi ilikuwa tamu. Angeweza kulitoa, na kijana angesema ahsante kama alivyosema siku ile, na wote wawili wangekwenda nyumbani wamefichana ukweli.

"Sijakuona, baba yangu," Luhende alisema. Alimwita hivyo, kama mzazi anavyomwita mwanawe anapompenda kupita kiasi. "Sioni tena. Ulinisogelea, mimi nikaondoka. Nisamehe."

Jilala alisogea karibu zaidi. Aliweka paji la uso wake juu ya goti la baba, akaliacha pale. Kisha akainuka, akachukua kiti kwa mkono mmoja na mkono wa baba kwa mwingine, wakauvuka uwanja wakipita katikati, polepole, kuelekea upande wa pili ambako kushoto kungekuwa katika kipindi kilichobaki. Uwanja mzima uliwaona. Siri ambayo Luhende aliilinda kwa gharama kubwa namna ile ikaisha hapo, na hakuna aliyemcheka. Mzee mmoja aliyewahi kucheza naye kiwandani alivua kofia.

Jilala alikiweka kiti hatua moja tu kutoka kwenye chaki. Mshika kibendera alitaka kusema neno, akaona uso wa kijana, akaacha.

"Basi nitakimbia kwa vishindo," Jilala alisema. "Utanisikia nikienda, utanisikia nikirudi."

Na ndivyo alivyofanya. Kipindi chote cha pili kijana yule mwepesi, ambaye Mwanza nzima ilikuwa inamsubiri kwa wepesi wake, alikimbia akikita miguu chini kama anayetwanga. Winga wa timu pinzani alimuuliza kama viatu vinambana. Watazamaji wa upande ule, walipoelewa, wakanyamaza kila alipokaribia, ili kishindo kisipotee. Luhende alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kichwa kikigeuka taratibu kwenda kushoto, halafu taratibu kurudi kulia, na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Mechi iliishaje, hakuuliza. Jumatatu alfajiri Jilala alipanda basi la Mwanza.

Funzo: Ukimwona akupendaye amehama mahali ulipomzoea, usikimbilie kusema ameshuka; huenda amekusogelea wewe. Na aibu unayowaficha walio wako, waambie mapema, maana upendo unaweza kukusubiri, lakini macho hayasubiri.